Fundi Brashi Achora Akiwa Ameshiba

Tangu ujana wake, Fundi Brashi hakuwahi kuchora chakula akiwa ameshiba. Kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya biashara: vya vinyozi, vya mafundi saa, vya maduka ya dawa. Vibao hivyo alivichora hata akiwa amekula mpaka akalegeza mkanda. Lakini akija mtu anayeuza kitu cha kutia mdomoni, mambo yalibadilika. Siku ya kazi ya namna hiyo aliamka, akanawa uso, akakusanya makopo yake ya rangi na kuondoka bila kuonja hata chai. Mkewe akimwita kutoka jikoni, yeye alijibu akiwa tayari mlangoni, "Nikila saa hizi nitaharibu kazi ya watu."

Imani hiyo aliipata zamani, alipokuwa hana mbele wala nyuma, mali yake yote ni brashi moja iliyonyonyoka nywele upande mmoja. Mwenye mgahawa fulani alimhurumia, akampa kibao achore sahani ya wali na nyama. Brashi alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Alichora huku mate yakimjaa kinywani, na alipomaliza, mwenye mgahawa alikitazama kile kibao, akameza mate, akaenda jikoni kujipakulia. Akarudi na sahani ya pili kwa ajili ya mchoraji. Mtu mwingine angesema kijana ana kipaji, na kisa kingeishia hapo. Brashi yeye aliamua kwamba njaa ndiyo iliyochora. Na Brashi ni mtu mwenye kichwa kigumu, akishapata jibu hatafuti jingine.

Basi akaishi hivyo. Kuku wa kuchoma aliyemchora kwenye ukuta wa soko alisifiwa mpaka mitaa ya mbali. Wenzake wa kazi walimcheka kwamba anafunga bila dini kumtuma, lakini wateja walimfuata yeye, si wao. Mkewe alipiga kelele miaka ya mwanzo, kisha akachoka, kama wake wanavyochoka.

Mwaka huu mwili ukagoma. Alikuwa juu ya ngazi, kwenye kibanda cha muuza viazi vya kukaanga, anamalizia mchuzi mwekundu wa nyanya juu ya rundo la viazi. Kizunguzungu kikamshika. Akashuka yeye, ngazi, na kopo zima la rangi nyekundu. Watu wakaona mzee amelala chini, wekundu umemtapakaa kifuani na usoni, basi vilio vikaanza. Muuza viazi alilia kuliko wote. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema sana, na pia kwamba kibao bado hakijaisha. Mke wa Fundi alikuja mbio bila viatu, akaona ule wekundu, akazimia, akalazwa ubavuni mwa mumewe. Aliyeokoa hali ni marehemu mwenyewe. Alifumbua macho, akanusa mkono wake, akasema, "Msimwagie maji. Hii ni rangi ya mafuta, haitoki kwa maji."

Daktari alimpima, akakuta shinikizo la damu liko juu na tumbo halina kitu. Akamwandikia dawa za kumeza kila asubuhi baada ya kula. "Baada ya kula, mzee. Kila siku, maisha yako yote. Umenielewa?"

"Amekuelewa," akajibu mkewe.

Kuanzia hapo Fundi Brashi akawa anakula asubuhi, mkewe amesimama mbele yake mpaka aone sahani nyeupe. Na kweli alipata nafuu. Uso ulinawiri, miguu ikapata nguvu, akawa hata anapiga mluzi akijifuta mdomo. Tatizo lilikuja aliposhika brashi. Alijaribu kuchora yai, likatoka jiwe. Alijaribu mkate, akauchora, akausahihisha, akaurudia, na kila alipourudia ulizidi kuwa tofali. Mkewe alipita na beseni la nguo, akasimama kidogo.

"Baba watoto, hiki ni kibao cha duka la vifaa vya ujenzi?"

Fundi hakucheka. Aliketi kwenye ngazi za mlango akatazama mikono yake, na moyo ukamwuma kwelikweli. Watoto walishakuwa na nyumba zao, nywele zilishakuwa nyeupe, na kitu pekee alichokuwa na hakika nacho duniani kilikuwa ile mikono. Kama mikono imeondoka pamoja na njaa, basi yeye amebaki mzee wa kukaa barazani na kuuliza wapita njia kuna habari gani.

"Kesho nitaacha kula," akasema. "Siku moja tu. Mama wa donati ananisubiri."

"Jaribu uone." Sauti ya mkewe ilikuwa ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo aliyoiogopa. "Siku ile nilikuona umekufa. Umesikia? Nilikuona kwa macho yangu. Vibao vina wachoraji wengine. Mimi sina mume mwingine."

Sasa huyu mama wa donati alikuwa mwanamke mmoja mchapakazi aliyekuwa amehamia karibuni kwenye kona mpya, kati ya fundi viatu na duka la dawa. Donati zake zilikuwa nzuri, lakini watu walipita pale shingo zimenyooka, kila mtu na haraka yake. Alikuwa ametafuta ubao mzuri, ameupiga msasa mwenyewe mpaka ukalainika, akamwambia Fundi Brashi, "Ukinichorea wewe, nitauza. Nisipouza hapa narudi kwetu." Fundi akampa ahadi, na siku ya ahadi ilikuwa ndiyo hiyo kesho.

Usiku akawaza, asubuhi akaamka na akili mpya. Zamani alishachora donati, kwa mwoka keki wa upande wa pili wa mji. Ilikuwa donati ya kutamanisha, aliichora na njaa ya kutosha. Kwa nini asiende akainakili? Mkono ulioshiba hauwezi kubuni, sawa, lakini kunakili utaweza. Akachukua kipande cha boksi na penseli.

"Tunakwenda wote," akasema mkewe, akijifunga kitambaa cha kichwa. Alikuwa amevaa gauni jipya, lile la bluu lililokuwa likisubiri harusi ya mtu. "Kwa miguu, polepole. Na njiani tutakula. Umechorea mji mzima vyakula, na mimi sijawahi kuonja hata kimoja."

Fundi alitaka kubisha, kisha akagundua kwamba na yeye, tangu ile sahani ya wali ya ujanani, hajawahi kuonja. Alikuwa akifika na njaa, anachora, akimaliza anakimbilia nyumbani kula chakula cha mchana. Vitu vyote vile alivijua kwa rangi tu.

Wakashika njia. Asubuhi ilikuwa nzuri, jua bado halijawa kali. Walipita mtaa wa washonaji, cherehani zikikimbizana milangoni na vipande vya nguo vimetapakaa hadi barabarani. Wakapanda ngazi za mawe katikati ya nyumba zilizobanana, shuka zimeanikwa juu ya vichwa vyao. Wazee wawili, mmoja na boksi kwapani, mwingine anakokota gauni lisiguse vumbi. Kijana mmoja akawaambia, "Wachumba, kwema?" Mkewe akajibu, "Kwema, ila bado sijampa jibu."

Wa kwanza alikuwa mama wa mahindi ya kuchoma. Kibao chake kilining'inia juu ya jiko la mkaa, na juu yake hindi la dhahabu, limejaa, punje zimejipanga mstari bila hata pengo. Fundi alisimama akakitazama na kifua kikampanuka.

"Fundi!" akashangaa mama wa mahindi. "Leo unakula? Kuna nini?"

"Nimeamriwa."

Walipewa hindi moja wagawane, la moto, limepakwa chumvi na ndimu. Fundi aliuma, na ule moshi kidogo, na ile chumvi, vikamshangaza. Alikuwa amelichora hindi hili bila kujua ladha yake. Aliuma tena.

"Tamu," akasema.

"Tamu, ndiyo, lakini kibao chako kimenitesa," akasema mama wa mahindi, akipepea jiko. "Wateja wakija hawaangalii jikoni. Wananionyesha juu, 'Nipe kama lile.' Hakuna hindi kama lile, Fundi! Siku zote naamka na jogoo niende kuchagua yanayofananafanana. Yenye mapengo nakula mwenyewe."

Wakaondoka wakicheka, au tuseme mkewe alicheka. Fundi alisema kimoyomoyo kwamba watu hawana shukrani.

Mbele kidogo, kwenye kivuli cha ukuta wa posta, palikuwa na mwenye aiskrimu na mkokoteni wake. Ubavuni mwa mkokoteni Fundi alikuwa amechora koni yenye mabonge matatu, la pinki, la manjano na la kahawia, yamepandana. Mwenye aiskrimu alipomwona, aliacha kijiko.

"Ndiyo wewe! Nimekutafuta sana. Mimi nilikuwa nauza bonge moja. Moja! Nani alikwambia matatu?"

"Niliona matatu yanapendeza."

"Watoto wanahesabu, Fundi. Mtoto akinunua moja ananiuliza mawili yako wapi. Sasa nayafanya madogo matatu, nayapandanisha, la juu linaanguka, mtoto analia, na anayembembeleza ni mimi."

Mkewe ilibidi ashike mkokoteni kwa kicheko. "Uliona matatu!" akasema akijifuta machozi. "Uliona kwa tumbo, baba watoto!"

Fundi alikasirika kidogo, lakini ni vigumu kukasirika na aiskrimu mkononi. Ilikuwa inayeyuka, ikambidi airambe kuanzia kwenye kifundo cha mkono, mtu mzima kama yeye, barabarani. Ya pinki ilimshinda nguvu. Akamwomba mwenye mkokoteni amwongeze ya pinki tu, na yule bwana, kwa kisasi, akampa bonge moja.

Waliendelea. Walikula karanga za sukari zilizofungwa kwenye karatasi, wakala vipande vya nanasi, na kila kibao cha Fundi walichokipita kilikuwa na malalamiko yake. Soseji yake ilikuwa nene kuliko mkono wa muuzaji. Hata glasi yake ya juisi, povu lilikuwa limepanda mpaka likaficha jina la biashara. Kufikia mtaa wa mwoka keki, Fundi alikuwa ameshiba kuliko alivyowahi kushiba akiwa na penseli mfukoni, na miguu imemlegea kwa raha. Hilo lilimuudhi, maana alikuwa amepanga kuwa na huzuni.

Donati ilikuwepo pale pale, juu ya mlango wa mwoka keki. Ilikuwa kubwa na kahawia ya kung'aa, sukari imeiangukia kama theluji ya kwenye kalenda, na upana wake ulikuwa karibu sawa na gurudumu la baiskeli. Fundi alitoa boksi akaanza kunakili haraka.

Mwoka keki, bwana mmoja mnene mwenye unga kwenye nyusi, akatoka. "Unamchorea nani?"

"Kuna mama ana kona mpya kule chini. Anaanza."

"Anaanza." Mwoka keki akajifuta mikono. "Fundi, mimi nakuheshimu, kwa hiyo nitakuambia ukweli. Wiki iliyopita alikuja mgeni. Akatazama juu, akatazama kwenye kabati langu la vioo, akatazama tena juu. Akaniuliza, 'Hizi ni watoto. Mama yao yuko wapi?' Akaondoka. Mimi nina wateja wangu wa zamani, navumilia. Huyo mama anayeanza, ukimpa kibao hiki, wa kwanza atakayekuja ataona amedanganywa."

Penseli ilisimama. Fundi alitazama donati yake, na kwa mara ya kwanza akaiona jinsi ilivyo. Ilikuwa picha ya mtu mwenye njaa. Hakuna donati ya namna hiyo popote, isipokuwa kwenye kichwa cha mtu ambaye hajala tangu jana. Alikunja boksi akalitia mfukoni. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu: sasa hata cha kunakili hana.

Mwoka keki aliwaletea kipande cha keki cha kujipoza, wakakaa kwenye ngazi za duka. Mkewe alikula. Alikuwa na namna yake ya kula kitu kitamu, anafumba macho, anakiviringisha shavuni bila haraka, na kidole gumba cha mguu kinacheza ndani ya kiatu. Sukari ilikuwa imemganda juu ya mdomo. Fundi alimtazama. Siku zote wakila nyumbani yeye alikuwa na njaa ya kazi, anatazama sahani, anamaliza, anainuka. Sasa hakuwa na njaa yoyote, macho yalikuwa hayana kazi nyingine, yakatua kwa mkewe yakakaa.

"Unaniangalia nini?"

"Kula tu."

"Nina kitu usoni?"

"Kula, mama watoto."

Waliteremka hadi kona ya mama wa donati. Yeye alikuwa ameshaandaa kila kitu. Ubao uliegemezwa ukutani, rangi nyeupe ya chini imekauka vizuri. Alimwekea Fundi kreti la kukalia, maana habari ya ngazi alishaisikia, na mkewe akawekewa la pili. Kisha akawapa donati moja moja kutoka kwenye mafuta. Zilikuwa ndogo, za kuenea kiganjani, nje zimekauka na ndani laini zikitoa mvuke.

Fundi alikula yake yote, akajifuta vidole, akashika brashi, akaomba Mungu kimoyomoyo. Akachora mviringo. Akaujaza kahawia, akaupa kivuli. Ikatoka pete ya chuma. Akaifuta kwa kitambaa chenye thina, dawa ya kuyeyushia rangi, akaanza upya. Likatoka tairi. Mama wa donati aliacha kugeuza donati zake, na mafuta yakaanza kunukia kuungua. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Watu walipita, shingo zimenyooka.

Ilipofika mara ya tatu jasho lilikuwa linamtoka. Alitaka kusema, basi, mkono umekwisha, mnisamehe. Akageuka ili amwambie mkewe kwanza.

Mkewe alikuwa bado anakula ile donati yake. Macho yamefumbwa, shavu moja limevimba, sukari juu ya mdomo.

Fundi alirudi kwenye ubao. Hakuchora donati tena. Alichora uso, na mkono haukusitasita hata mara moja. Alichora kope zilizolala, kitambaa cha kichwa kilichokaa upande, mikunjo midogo ya pembeni mwa macho, lile shavu. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuweka mtu kwenye kibao cha chakula, aliona mtu ni kupoteza nafasi. Mwishoni akachora mkono, na mkononi donati iliyoumwa, ndogo, ya kuenea kiganjani, na sukari kidogo mdomoni. Aliposogeza kreti nyuma ndipo mkewe alifumbua macho.

"Ee! Ni mimi huyo?" Aliruka. "Umenichora mdomo umejaa? Mbele za watu wote? Sikuwa hata nimejitengeneza!"

Mama wa donati alikuja na uma wake wa kugeuzia, akakitazama kibao muda mrefu. "Fundi," akasema taratibu, "mimi niliagiza donati. Wewe umenipa shemeji."

"Donati ipo," Fundi akasema, akiinyooshea brashi. "Ile pale mkononi."

"Naiona. Lakini mtu akiwa mbali ataona donati, au ataona mama anayelala?"

Fundi alijua kwamba hii ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua pia kwamba si yeye atakayerudi kwao ikishindwa kuuza. Uamuzi ulikuwa wa mwenye biashara.

"Nitafuta," akasema, akachukua kile kitambaa chenye thina. "Rangi bado mbichi."

"Samahani." Alikuwa mwanamume mmoja ametoka duka la dawa na mfuko wake mkononi, sura imechoka. Alikuwa ameshapita, kisha akarudi hatua kadhaa. Hakuangalia mafuta wala sinia. Aliangalia ubao, akatabasamu bila kujijua. "Naomba na mimi anachokula huyo mama."

"Kipi?" akauliza mama wa donati, ambaye hakuwa amezoea kuulizwa.

"Hicho hicho. Cha saizi hiyo hiyo." Nyuma yake msichana mmoja naye alikuwa amesimama, anatazama ubao, anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Mama wa donati alikimbilia kwenye mafuta. Fundi Brashi alibaki ameduwaa, kitambaa kimening'inia mkononi, hajui kama anaruhusiwa kufurahi. Mkewe alimtazama, akautazama ubao, akajitazama pale akiwa mdomo umejaa mbele za watu wote. Akamnyang'anya mumewe kile kitambaa, akakiweka juu ya kreti, akakikalia, thina na gauni jipya na yote.